Yangeyange wa Njano wa Kasungami

Kamera haijui nyeupe ni nini. Ina vifungo vingi kuliko redio ya marehemu baba, inatambua uso wa mtu na inaweza kungoja mpaka acheke, lakini nyeupe haijui mpaka uionyeshe. Unachukua kitu cheupe, unakiweka kwenye mwanga uleule aliokaa ndege, unakipiga picha, kisha unaiambia: hii ndiyo nyeupe, rangi nyingine zote zifuate hapa. Inatii bila kuuliza. Wataalamu wanasema ni mizani ya weupe. Sisi wa Lubumbashi, ambao kwetu kitu hakijawa kitu mpaka kiwe na jina la Kifaransa, tunasema balance des blancs.

Hayo nilijifunza katika chama chetu cha wapiga picha wa ndege. Siku za kazi nakaa ofisini nikigonga mihuri kwenye karatasi za malori yanayokwenda mpakani, na ndege ni ugonjwa wangu wa Jumamosi. Chama kina rais, makamu wawili, katibu, naibu wa katibu, mshauri na mama wa protokoli. Kamera ni chache kuliko vyeo. Tulianza kwa kuchagua kamati, tukapiga picha ya kamati, tukala sherehe ya kamati, na ikapita muda mrefu kabla mtu yeyote hajamsumbua ndege.

Rais wetu ni bwana mnene mwenye kofia ya mwindaji, ambaye maisha yake yote hajawinda hata panya. Ana sheria mbili. Ya kwanza, kamera isiachwe ichague rangi yenyewe.

"Automatique njo ya bavivu," anasema. "Kila mutu alete kintu ya mweupe kupita yote mu nyumba yake, tupime nayo."

Ya pili, ni marufuku kurekebisha rangi nyumbani kwenye kompyuta. Hiyo, kwa maneno yake, ni kumdanganyia ndege.

Sheria ya kwanza ina maana, lazima niseme. Wakati wa kiangazi jua letu linapita kwanza kwenye vumbi jekundu la barabara, kisha kwenye moshi wa watu wanaochoma majani, na likifika chini limekuwa chai. Ukiiachia kamera ibahatishe, kunguru anatoka na kifua cha kahawia. Basi wenzangu wakawa wanakuja porini na weupe wa nyumbani kwao: makamu wa kwanza na shati lake la harusi, katibu na sahani, mshauri na soksi ambayo mjadala wake ulitupotezea jozi nzima ya korongo. Mimi nilijiona tajiri. Kwetu weupe ulikuwa na mwenyewe, naye alikuwa mama yangu.

Mama ni mjane wa mfanyakazi wa reli. Ukoo wetu unatoka kaskazini ya Katanga, ni Wakatoliki kiasi kwamba hata kuku hachinjwi bila ishara ya msalaba. Tangu niko shule ya msingi, mama ndiye anayefua vitambaa vya altare na mavazi meupe ya mapadri wa parokia yetu. Baba alipofariki, sisi watoto tulidhani atavunjika, lakini kila Jumatatu beseni lilimngoja, naye akaamka kwa ajili ya beseni. Ukimwondolea kazi ile, hata leo, sijui ungembakizia nini.

Ufuaji wake ulikuwa na utaratibu. Sabuni, kuchemsha, kusuuza, kisha maji ya mwisho yenye bulu ya kufulia, ile poda ambayo ikitiwa kidogo tu inaondoa unjano wa kitambaa na kukifanya kiwe cheupe kweli. Kidogo tu: siri yote iko hapo. Mama wa parokia wanajuana kwa mkono wa bulu kama vile wengine wanavyojuana kwa mkono wa chumvi, na mkono wa mama ulikuwa unatajwa mpaka parokia za jirani. Nguo zangu mimi alizihurumia.

"Hii chemise yako iko na huzuni," aliniambia siku moja mbele ya wageni.

Basi nilipomwomba kitambaa cheupe cha kupimia ndege, hakushangaa. Alinipa kipande cha vazi la padri lililochakaa, akakikunja mara mbili.

"Usiitie chini, mama. Hii ilionaka Komunyo kila siku."

Kwetu mama humwita binti yake mama, kwa sababu amebeba jina la bibi, na ukikosea unagombezwa kama mtoto vilevile.

Tulikwenda Kasungami, kwenye mabwawa ya samaki nyuma ya mashamba ya mboga. Yangeyange walikuwapo kwa wingi, wale ndege weupe wenye miguu mirefu wanaotembea kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Nilitandaza kitambaa cha mama juu ya kikapu, nikapima, nikapiga. Nikatazama nyuma ya kamera, na kila yangeyange alikuwa wa njano, njano kama siagi.

Chama kilisimama. Rais alivua kofia. Makamu wa kwanza alisema ni manyoya ya msimu wa kupendana, kwani yangeyange hupata rangi kidogo kichwani wakitafuta mchumba. Makamu wa pili alisema hakuna mchumba wa kumfanya mtu awe njano mpaka miguuni. Rais aliwanyamazisha kwa mkono.

"Chers amis," alisema, "hii inaweza kuwa espèce mupya. Espèce ya Katanga."

Papo hapo iliundwa kamati ndogo ya yangeyange wa njano, na ndege wenyewe wakaendelea kula vyura mbele yetu, weupe pe. Hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye kioo cha kamera. Nilijaribu kusema kwamba hata makamu wa kwanza, aliyejitokeza pembeni mwa picha, alikuwa wa njano. Naibu wa katibu akauliza kama hilo nalo liandikwe.

Jioni nilimwonyesha mama zile picha. Aliisogeza kamera karibu na pua, kama alivyokuwa akifanya siku hizo na kila kitu, hata kitabu cha sala.

"Bandege ya Kasungami habaogake?"

"Mama, ni kitambaa, ao ni kamera?"

"Kitambaa yangu?" Alinitazama kama nimemtukana bibi yake. "Leta. Nitaosha tena."

Akakifua tena, akaongeza bulu. Alikuwa akilalamika tangu mwaka uliopita kwamba sabuni za siku hizi ni za uongo, zinaacha nguo na unjano, na kwamba vumbi la mjini limezidi. Tulimwamini. Lubumbashi huna haja ya kutafuta sababu mbali: kila kitu ni sabuni, vumbi au umeme. Jumamosi iliyofuata yangeyange walitoka rangi ya papai. Rais alikaribia kutokwa machozi ya furaha, akatangaza kwamba msimu unaendelea.

Mimi nilianza kuona haya. Nikataka kujua mkosaji, basi nikaazima kitambaa cha kichwa cha jirani yetu, mama mmoja wa kikundi cha mama wa parokia, anayekaa ng'ambo ya ukuta wetu. Nikapima nacho, nikampiga picha kunguru juu ya ukuta. Kifua chake, ambacho Mungu alikiumba cheupe, kikawa cha njano. Vitambaa viwili vya nyumba mbili, kosa lilelile. Nikaamua kamera ni mgonjwa. Nilimpelekea fundi wa mjini, akaifungua, akapuliza ndani, akasema imechoka. Nani hajachoka?

Ukweli ulinijia jikoni. Nilikuwa nachekecha unga wa mahindi kwa ajili ya bukari, ugali wetu, unga mzuri, umetanda kwenye ungo mbele ya mlango. Yule kunguru alitua ukutani akiutamani. Kamera ilikuwa mezani. Bila kufikiri sana niliupima unga, nikaiambia kamera hii ndiyo nyeupe, nikampiga. Kifua kilitoka cheupe, safi, kama kilivyo. Kumbe kamera ilikuwa nzima. Nikageuka taratibu, kwa mpimo uleule, nikapiga picha kamba ya nguo ambako vitambaa vya altare vilikuwa vinakauka.

Vilikuwa buluu. Si buluu ya mashaka, buluu ya sare ya shule. Nikavitazama kwa macho yangu mwenyewe, na sasa nikaiona, jambo ambalo nilikuwa nalipita kila siku nikienda chooni. Jicho huzoea, na jicho la binti huzoea haraka zaidi kama mfuaji ni mama yake. Kamera ilikuwa imefanya utii wake tu: ukiionyesha buluu na kusema hii ni nyeupe, itapunguza buluu katika kila kitu, na kitu kilichopunguzwa buluu huwa njano.

Lakini mwenye mkono uleule wa kusifiwa, kwa nini atie bulu hivyo? Nilichukua vitambaa vitatu, kimoja changu chenye huzuni, nikampelekea mama barazani.

"Mama, gani njo iko mweupe kupita?"

Akavisogeza puani, kimoja kimoja, akachagua kilicho buluu kuliko vyote. Alikichagua kwa fahari.

Niliogopa. Nilielewa pale pale: ulimwengu wote ulikuwa umeanza kuwa njano machoni pa mama, naye kwa miezi alikuwa anapigana nao peke yake, kwa beseni na poda. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia, na mama alikuwa akimfulia nguo.

Hapo ndipo nilipoelewa pia zile ziara za kiongozi wa kikundi cha mama. Alikuwa amekuja mara kadhaa kabla ya Kwaresima, akakaa, akanywa chai, akasifia mboga zetu, akasema, "Mama, unatumika sana, ingefaa upumuzike kiloko," kisha akasahau kumaliza, akaondoka. Kwetu kumwambia mama mwenye cheo kwamba amekosea ni kama kumvua nguo, hivyo watu humwambia apumzike. Padri naye, aliyekuwa akisimama altareni na vazi la rangi ya anga, alikuwa ametoa mahubiri marefu juu ya buluu kuwa rangi ya Bikira Maria. Mama alirudi nyumbani siku ile akasema padri ametafuta mbali.

Nilijua mambo mawili. Nikinyamaza, atapofuka. Nikisema, na watu wa parokia wakajua kwamba amejua, cheo kitaondoka kwa heshima zote, na beseni litakwenda kwa mwingine. Nikasema.

"Banani banakutuma?" aliuliza.

"Hakuna mutu ananituma, mama. Macho yako iko na cataracte."

"Macho yangu? Miye niliona baba yako akishuka mu train, kati ya bantu mia, mbele ya yeye kuniona."

Nikafanya ujinga ambao mpaka leo unanichekesha: nilimletea ushahidi. Nikamwonyesha kwenye kamera picha ya vitambaa vyake vya buluu. Aliitazama kwa macho yaleyale.

"Njo hii," alisema, ameridhika. "Sasa kamera yako inapona. Mweupe kabisa."

Tungekwama hapo, kama mama asingetaka kunionyesha kwamba anaona. Alininyang'anya kamera ili amtafute kunguru mwenyewe, kupitia kile kidirisha kidogo ambacho unatazama kwa jicho moja huku jingine umelifumba. Akaweka jicho la kulia.

"Iko giza. Umeizima?"

"Sijaizima."

Akahamisha jicho la kushoto. "Aaa. Sasa iko." Akarudisha la kulia. Akarudia tena, pole pole. Kisha akashusha kamera, akafunika jicho moja kwa kiganja, akatazama kamba ya nguo, akafunika jingine, akatazama tena. Kila jicho lilikuwa likimpa rangi yake. Akakaa akiwa na kamera mapajani.

"Ile ya kuume," alisema mwishoni, "iko sawa chai."

"Ndiyo, mama."

"Tuende kwa munganga wa macho, ku hopitali."

Siku zile za kungoja upasuaji, chama kilinipa kazi ya kujisahaulisha. Niliwapelekea Kasungami unga wangu kwenye kifuniko cha sufuria, nikaeleza yote isipokuwa habari za mama. Yangeyange wakarudi kuwa weupe. Rais alisema kwamba yeye alikuwa anautazamia unga tangu mwanzo, ila alitaka tuugundue wenyewe. Siku hizi kila mwanachama anatembea na unga, na mara ya kwanza tuliporundika vifuniko vyetu chini ili kusikiliza hotuba, njiwa walishuka wakaila mizani yote ya weupe. Kamati ya yangeyange wa njano haijavunjwa. Ina mihuri.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Walipoondoa bandeji, alitazama dirisha, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Unazeeka, mama," aliniambia. Halafu: "Hii blouse ulikuwa unavaa yote hii wakati?"

Nilicheka mpaka muuguzi akanitoa nje, na nje nikalia kwa furaha, sioni haya kusema.

Nilikuwa nimekusudia kuvitoa vitambaa kambani kabla hajafika nyumbani. Aliwahi yeye. Alisimama mbele ya kamba, akavishika, akaviachia.

"Padri alivaa hii? Mbele ya bantu bote?"

"Mama..."

"Pasaka alivaa hii?"

Alivaa. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, na sijapata kumwona mama mdogo namna ile. Alisema walikuwa wakimcheka. Alisema mtu akishika kazi ya Mungu mpaka anaiharibu, na watu wananyamaza, basi walishamzika zamani, bado tu tangazo. Jumapili angekwenda kurudisha ufunguo wa chumba cha mavazi ya mapadri, mwenyewe, kabla hawajamwambia apumzike kwa mara nyingine. Nilimbembeleza, sikufika popote.

Jumapili alivaa kitambaa chake cha kichwa cha kikundi, alichokifua upya bila chembe ya bulu, cheupe kwelikweli, akakishusha mpaka kwenye nyusi. Tuliingia misa ikiwa imeanza, tukasimama nyuma. Mama wa kikundi walikuwa mbele, safu baada ya safu, na sare zao nyeupe, blauzi na vitambaa vya kichwa. Mama alizitazama safu zile. Akafunika jicho jipya kwa kiganja. Akalifunua.

Wote walikuwa buluu. Kiongozi wa kikundi, waimbaji, mabibi wa viti vya mbele, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta na kile kitambaa nilichokiazima. Parokia nzima ya mama, rangi ya sare ya shule, na katikati ya kanisa lile mtu mmoja tu alikuwa mweupe, naye alikuwa mama yangu.

Misa ilipokwisha alimshika jirani mkono mlangoni. Wengine wakazunguka, kiongozi akiwa nyuma kidogo akitafuta kitu ndani ya mkoba wake.

"Juu ya nini munatia bulu namuna hii?"

Jirani alitazama viatu vyake. "Mama, ile yako ilianza kuonekana. Mapadri, altare, yote. Tulisema mutu moja akuambie." Akamtazama kiongozi, na kiongozi akazidi kutafuta mkobani. "Hakuna mwenye aliweza. Njo tukasema, kama shiye bote tuko bulu, hakuna mutu atajua ni ya nani."

Ni watu gani hawa, ambao kwao ilikuwa rahisi kubadili rangi ya kanisa zima kuliko kumwambia mjane mmoja sentensi moja? Nilitaka kuwagombeza, maneno yalishanifika mdomoni. Mama alikuwa ameshika ufunguo wa chumba cha mavazi. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa jicho lake jipya, kuanzia vitambaa vya kichwa mpaka chini, na hakuna aliyethubutu kusogea.

"Muko bachafu, bote," alisema. "Kesho asubui mulete nguo zenu kwangu."

Akaurudisha ufunguo kifuani, ndani ya nguo. Kisha akalia, ingawa daktari alikuwa amemkataza.